Waraka ni nusu ya kuonana: nani anailipia leo safari ya barua ya Liwale?

Ndugu wana jukwaa, nawasalimu kutoka Mtwara.

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 32, mingi kati ya hiyo katika vijiji vya uwanda wa Makonde upande wa Newala, na kwa kipindi kirefu mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo wa sanduku la posta la shule. Naandika uzi huu kwa sababu kila Posta inapozungumzwa siku hizi, mazungumzo huishia kwenye kauli moja kwamba simu imeiua barua. Kwa huku kwetu Kusini kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayonisumbua.

Kwanza nieleze jinsi barua ilivyomfikia mtu wa kijijini, maana vijana wengi hudhani palikuwa na mtu aliyezunguka na mkoba nyumba kwa nyumba. Posta yetu ilikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ni, posta ya masanduku: barua inasafiri hadi ofisi ya wilaya, inawekwa sandukuni, na mwenye sanduku anaifuata. Mkulima wa korosho aliyeishi mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Newala mjini hakuwa na sanduku, kwa hiyo aliazima la shule, la misheni, la zahanati au la chama cha msingi cha ushirika. Bahasha iliandikwa jina lake, chini yake "kwa kupitia Mwalimu Mkuu", kisha S.L.P. ya shule, kisha Newala. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli kwenda kufungua sanduku, na Jumatatu asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, nilisoma majina. Barua nyingi zilitoka Dar es Salaam, kwa baba na kaka waliokwenda kutembeza bidhaa mitaani. (Neno machinga, ambalo leo nchi nzima inalitumia kwa wafanyabiashara hao, ni jina la watu wa Lindi, na nyuma yake zimo familia nyingi zilizoishi kwa kusubiri bahasha.)

Mtoto aliyetajwa aliipokea barua kwa mikono miwili, na mara nyingi jioni alirudi nayo akiwa na mama yake, kwa sababu mama hakujua kusoma. Niliisoma: "Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba..." na humo ndani nikakutana na mambo ambayo mwalimu wa mtoto hakustahili kuyajua, kama vile madeni, maradhi, au mke wa pili aliyeolewa Temeke. Mama wa watu alisikia habari ya ndoa yake kutoka kinywani mwangu. Ndiyo maana sitaki mtu asome uzi huu akadhani naililia zamani kwa kuwa tu ni zamani. Leo mama wa namna ile anabonyeza alama ya kipaza sauti kwenye WhatsApp, anasema na mumewe kwa Kimakonde, na hakuna mwalimu kati yao. Hiyo ni heri kubwa, na barua haikuwahi kumpatia.

Sasa niingie kwenye sababu. Kwa kumbukumbu zangu za sanduku lile, barua haikuwa ya kwanza kupungua. Iliyotangulia ni fedha. Mume aliyekuwa Dar es Salaam alinunua hawala ya posta, akaitia hati katika bahasha, na mke akaibeba hadi dirishani Newala kulipwa. Barua ndefu iliyofuatana na hati hiyo, nusu yake ilieleza fedha zigawanywe vipi: kiasi hiki cha ada, kiasi hiki cha salfa ya mikorosho, na mama mzazi naye asisahauliwe. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata, haikuchukua miaka mingi kila gulio likawa na wakala, na maneno "tuma na ya kutolea" yakashika nafasi ya hati ile. Hawala ilipoondoka, iliondoka na barua iliyokuwa ikiisindikiza.

Hata hivyo msingi wenyewe ulikuwa umekwisha kupunguzwa mapema zaidi. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, tulikuwa na Shirika la Posta na Simu, ambamo barua na simu vilikuwa nyumba moja. Sheria ya mwaka 1991 ikaiondoa akiba ya wananchi na kuipa Benki ya Posta, ambayo baada ya miungano kadhaa tangu mwaka 2021 inaitwa Benki ya Biashara Tanzania. Sheria ya mwaka 1993 ikazitenga simu, na tarehe 1 Januari 1994 Shirika la Posta likasimama peke yake, huku simu zikienda kwa kampuni ya simu ya taifa, TTCL. Mwaka huohuo wa 1994 Mobitel, kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, ilianza kutoa huduma. Sisemi kwamba kutenganisha kulikuwa kosa, kwani simu zilihitaji mtaji mkubwa na uamuzi wa haraka. Ninachosema ni kwamba Posta iliingia katika zama mpya ikiwa imekwisha kukabidhi benki kwa mwingine na simu kwa mwingine, ikabaki na mzigo wa barua na wajibu wa kuzifikisha kila mahali.

Halafu ikaja barabara. Wenzetu wa mikoa mingine huenda wasielewe jambo hili lilivyo na uzito kwetu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kila gari lililokuja Kusini kwa njia ya pwani lilisubiri kivuko cha Ndundu kwenye mto Rufiji, na kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa tope ambalo basi liliweza kulala nalo siku kadhaa. Katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ndugu yangu mmoja aliitwa kwenye usaili wa kazi Dar es Salaam. Barua ilimfikia siku kumi na moja baada ya usaili kufanyika. Hakuna wa kulaumiwa, maji yalikuwa yameifunga njia. Yeye aliihifadhi barua ile kwa miaka mingi ndani ya Msahafu, na sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Lami ilipokamilika, watu hawakukimbilia kuandika barua zaidi, wala hapakuwa na sababu ya kulitarajia hilo. Walikimbilia mabasi. Leo bahasha, vipuri, dawa, hata keki ya harusi hupelekwa stendi, hulipiwa kwenye ofisi ya basi, na mpokeaji hupigiwa simu akaipokee kesho yake. Ni haraka na ni rahisi, nami mwenyewe hutumia njia hiyo. Lakini tazameni basi linapita wapi. Linapita Kibiti, Nangurukuru, Lindi, Mtwara, Masasi, yaani njia ileile ambayo Posta ilipata humo faida yake.

Hapa ndipo penye kiini cha uzi wangu. Stempu ya barua ya kawaida ya ndani ya nchi haikuuliza unakwenda Kariakoo au kijiji cha mwisho cha Liwale, wilaya ya ndani ya mkoa wa Lindi. Bei ilikuwa moja. Kwa hesabu yoyote ya biashara, barua ya Liwale ilikuwa hasara, na aliyeifidia hasara hiyo ni mwandishi wa Dar es Salaam aliyemwandikia mtu wa Dar es Salaam, pamoja na ofisi kubwa zilizotuma maelfu ya bahasha mijini. Mpango huo hauna umri mrefu sana duniani. Uingereza ndiyo iliyoanza mwaka 1840, kwa ushawishi wa Rowland Hill, kutoza peni moja kwa barua popote ilipokwenda ndani ya nchi, na mkataba uliotiwa saini Bern tarehe 9 Oktoba 1874 ukazifanya nchi zilizojiunga kuwa eneo moja la posta. Siku ya Posta Duniani inatokana na tarehe hiyo.

Sisi wa Kusini tulikuwa tunaandikiana zamani kabla ya hapo. Barua za Kilwa za mwaka 1711 hadi 1728, zilizoandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa, India, zinahesabiwa miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yaliyosalia. Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekuwa na makao yake kwenye uwanda wa Makonde, alimjibu Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, kwa waraka wa Kiswahili, akikataa waziwazi kujisalimisha kwa Wajerumani. Kwa hiyo Posta haikutuletea ujuzi wa kuandika waraka. Tofauti ni kwamba watawala wa Kilwa na Machemba walikuwa na wajumbe wao wa kuwatuma, na mjane wa kijijini hakuwa na mjumbe. Stempu ndiyo iliyompa mjumbe, kwa bei ileile aliyolipa mkuu wa mkoa.

Mjumbe huyo ndiye ninayeuliza habari zake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaitambua huduma ya posta kwa umma, na Shirika la Posta bado lina wajibu wa kufika pasipo na faida. Lakini mapato yaliyokuwa yakiulipia wajibu huo yametawanyika: fedha zimekwenda kwa mawakala wa simu, vifurushi kwa mabasi, na barua za ofisi kwenye kompyuta. Maombi ya kazi za serikali sasa hupitia mfumo wa ajira mtandaoni, matokeo ya mitihani yanasomwa simuni, na hati za mshahara za watumishi zinapakuliwa. Kila aliyechukua kipande alichukua kipande chenye faida, na hasara ameachiwa mwenye wajibu.

Wapo watakaotaja Denmark, nami naona ni mfano wa kutazamwa kwa makini. Huko posta ya taifa, iliyoanza mwaka 1624, ilipeleka barua zake za mwisho tarehe 30 Desemba 2025, baada ya idadi ya barua kushuka kutoka takribani bilioni 1.4 mwaka 2000 hadi kama milioni 110 mwaka 2024. Lakini Denmark iliwawekea raia wake sanduku la kidijitali la barua za serikali, likawa la lazima tangu Novemba 2014, na wasioweza kulitumia wakaruhusiwa kuomba msamaha wa kuendelea kupokea karatasi. Hata sasa ipo kampuni binafsi inayobeba barua zilizobaki. Wao walijenga nyumba mpya kabla ya kuhama ya zamani. Sisi tunahama kidogo kidogo, kila mtu na mkeka wake, na wenye nguvu ndio wanaofika.

Na nyumba mpya yenyewe ina nyufa zake. Mei 2024 tuliona mambo mawili katika muda wa siku chache. Mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na abiria wakakwama njiani. Tarehe 12 ya mwezi huo nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Kwa siku zile mtu wa Mtwara hakuwa na basi la uhakika wala mtandao wa uhakika. Nchi yenye busara haitegemei njia moja tu.

Ninachotamani ni kitu kidogo. Tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, unaotoa ruzuku ili minara ya simu ijengwe vijijini ambako kampuni haioni faida. Fikra hiyohiyo ingetumika waziwazi kwa nyaraka na vifurushi: anayevuna kwenye njia ya lami achangie safari ya mahali pasipo na lami, na wajibu wa Posta ulipiwe kama wajibu badala ya kuachwa uonekane kama uzembe wa shirika linalopata hasara.

Naomba michango yenu.

Mchangiaji, mfanyabiashara wa Mtwara mjini:

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma yote kwa utulivu. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, na kila siku napeleka mizigo Mkanaledi kwenye mabasi ya Masasi na Lindi. Mteja anapokea siku hiyohiyo. Kwa heshima, sioni kwa nini nichangie huduma ambayo siitumii. Sisi wadogo tayari tunalipa ushuru wa kila aina.

Mwanzisha uzi:

Marahaba, mwanangu, na hoja yako ni ya haki. Sikuwa na nia ya kukutwisha wewe mwenye duka moja. Nilikuwa nawafikiria wasafirishaji wakubwa wa vifurushi. Lakini nikuulize: pikipiki zinazotumia vipuri vyako ziko wapi kwa wingi? Ziko huko ambako basi halifiki. Mteja wako wa ndani ya Tandahimba au Nanyumbu hupanda bodaboda hadi barabarani kufuata kifurushi, na nauli ile pengine inazidi bei ya kipuri. Hiyo ni gharama ya usafirishaji ambayo haionekani kwenye risiti yako kwa sababu anailipa yeye.

Lipo na jambo la pili. Ukituma hati halisi, kwa mfano cheti cha kuzaliwa au hati ya shamba, barua ya rejesta ina namba, na kila anayeipokea njiani anaitilia saini mpaka mkononi mwa mhusika. Mnyororo huo wa saini una thamani mahakamani. Kondakta mwaminifu, na wengi ni waaminifu, hawezi kukupa ushahidi wa namna hiyo.

Mchangiaji, mhudumu wa afya, Liwale:

Mwalimu, salaam aleikum. Nathibitisha maneno yako. Masika yakikolea, njia ya Nachingwea huwa mtihani, na mara nyingi nyaraka zangu hupitia kwa mtu yeyote anayesafiri. Mwaka jana nilihitaji cheti changu halisi kilichokuwa Dar es Salaam, kikapita mikono ya watu wanne nisiowajua wote. Kilifika salama, Mungu awajaze heri, lakini sikulala vizuri kwa wiki nzima. Swali langu: tumebandikiwa namba za nyumba na mitaa imepewa majina. Je, anwani hizo zinaweza kweli kupokea barua?

Mwanzisha uzi:

Waalaikum salaam, dada yangu. Swali lako ndilo lililonifanya nifanye jaribio kabla ya kuandika hapa, ila sikulieleza kwa kuogopa kurefusha.

Operesheni ya anwani za makazi ilizinduliwa Februari 2022 na kukimbizwa ili iwahi Sensa ya Agosti mwaka huo. Kila kata ilikwisha kupewa postikodi ya tarakimu tano: za mkoa wangu zinaanza na 63, na za mkoa wako wa Lindi zinaanza na 65. Kwa maneno mengine, nyumba zetu zimepata anwani kwa mara ya kwanza katika historia wakati barua zenyewe zimekwisha kupungua. Wengine wanaona ni kazi bure. Mimi naona ndiyo nafasi ambayo hatukuwahi kuwa nayo, kwa sababu mkulima hahitaji tena kuazima sanduku la mwalimu ili awe na mahali pa kupatikana. Posta yenyewe imejaribu kwenda na wakati kwa Posta Kiganjani, ambayo inaifanya namba ya simu kuwa sanduku la mtu, na kwa vituo vya Huduma Pamoja vinavyokusanya huduma za serikali chini ya paa moja. Kinachobaki ni hatua za mwisho kutoka ofisi ya wilaya hadi mlangoni, na hizo ndizo ghali.

Jaribio langu lilikuwa hivi. Nilimwandikia mdogo wangu wa kike anayeishi Nachingwea mjini. Sikuweka S.L.P. yoyote. Niliandika jina lake, namba ya nyumba, mtaa, kata, postikodi, na chini kabisa namba yake ya simu. Barua ilifika siku ya tisa. Haikupelekwa mlangoni: alipigiwa simu, akaenda ofisini na kitambulisho, akapewa. Jioni ile alinijibu kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, akanisomea barua yangu mwenyewe kuanzia "Baada ya salamu" hadi sahihi, na nyuma yake nikawasikia wanawe wakiuliza hiyo karatasi imetoka wapi.

Ya pili nimeituma jana kwa shemeji, kijijini, mbali na Liwale mjini, ambako mtandao wa simu hushikika mtu akipanda kilimani. Nimeandika namba ya nyumba na postikodi bila namba ya simu. Ikifika, nitakuja kuandika hapahapa tarehe iliyofika na aliyeikabidhi.